Mfamasia amezuia dawa za mama: tumsikilize, au twende duka jingine?

BARUA YA MSOMAJI

Mheshimiwa Mshauri,

Ninakuandikia kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, ambaye ninaishi naye hapa Mbagala tangu marehemu baba alipotutoka. Mama ana presha ya miaka mingi na kisukari kilichogundulika baadaye, na kutokana na jinsi mambo ya familia yalivyokwenda, magonjwa hayo mawili yanatibiwa mahali pawili tofauti. Sukari inafuatiliwa katika kliniki ya hospitali ya serikali, na presha inafuatiliwa katika hospitali binafsi ya mjini kwa bima ya kaka yangu mkubwa, anayeishi Tegeta na ambaye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya gharama zetu.

Hospitali ya mjini humpa amlodipini ya miligramu 10 pamoja na kidonge kingine cha presha kinachojulikana kwa jina la kampuni. Kliniki ya sukari humpa metfomini, glibenklamaidi ya asubuhi na jioni, na losatani ya miligramu 50 ambayo tuliambiwa inalinda figo. Miguu ilipoanza kuvimba, hospitali ya mjini ilimwongezea furosemaidi ya kupunguza maji. Kwa maumivu ya goti hununua diklofenaki katika duka la mtaani bila cheti cha daktari, na jirani yetu mwema humletea unga wa majani ya mlonge, ambao mama huuchanganya katika uji wa jioni. Mara nyingi uji huo ndio chakula chake chote cha usiku, kwa kuwa anasema tumbo halipokei kitu kizito.

Hivi karibuni ameanza kuamka alfajiri akiwa amelowa jasho na mikono ikimtetemeka, na safari moja aliniita kwa jina la shangazi, wala hakuelewa yuko wapi. Nilimpa chai yenye sukari akarejea katika hali yake, nasi tukachukulia kuwa ni presha.

Siku ya kliniki, tulipofika dirisha la dawa, mfamasia kijana alimwamkia mama kwa heshima, akamwuliza anaamkaje na anakula nini usiku, kisha akaomba aone dawa zote zilizokuwa mkobani. Alizipanga mezani akazisoma moja moja. Alisema kidonge cha jina la kampuni ndani yake mna losatani ileile pamoja na haidroklorothiazaidi, ambayo nayo ni dawa ya kukojoa, na kwamba hatatoa losatani wala glibenklamaidi mpaka azungumze na daktari. Daktari alikuwa ameshaondoka. Alimpa mama metfomini, akatuambia diklofenaki iachwe, akaandika barua ya kumpelekea daktari, na akatutaka turudi kesho yake asubuhi.

Hatukurudi. Kaka alipopata habari alikasirika sana, akasema muuza dawa hana mamlaka ya kumpinga daktari, na kwamba atanunua dawa zote mwenyewe Kariakoo kwa kutumia vyeti vya zamani. Mama naye yuko upande wa kaka, kwa sababu anaona aibu kurudi na kuonekana kama anawashtaki madaktari. Nyumbani bado kuna vidonge vya glibenklamaidi vilivyobaki mwezi uliopita.

Ninaomba unisaidie kwa haya: je, mfamasia ana haki ya kuzuia dawa iliyoandikwa na daktari? Nimwache kaka anunue? Nitawezaje kuzikutanisha hospitali mbili bila kumvunjia heshima mtu yeyote? Pia mama hufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi, na hataki kuambiwa aache.

Binti wa Mbagala

JIBU LA MSHAURI

Dada wa Mbagala,

Nitaanza na jasho la alfajiri, kwa sababu mengine yote uliyoyauliza yanaweza kusubiri siku chache, lakini hilo haliwezi. Kulowa jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa hadi kusahau jina la mtoto wake, kisha kurudi katika hali ya kawaida baada ya kikombe cha chai yenye sukari, ni picha ya sukari iliyoshuka chini ya kiwango ambacho ubongo unahitaji ili ufanye kazi. Presha iliyopanda haitulizwi na chai ya sukari. Kama mama hakupimwa wakati ule, hatuna namba ya kuthibitisha, lakini mfamasia aliyesikia maelezo hayo huku ameshika boksi la glibenklamaidi mkononi alikuwa na sababu ya kutosha ya kusimama.

Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, kichocheo kinachoshusha sukari katika damu, na hulisukuma bila kujali kama mgonjwa amekula au hajala. Nguvu yake hudumu kwa muda mrefu, na mabaki yake, ambayo nayo yana uwezo wa kushusha sukari, takriban nusu hutolewa mwilini na figo. Mtu wa umri wa mama, ambaye figo zake huenda zimepungua kasi, akimeza kidonge cha jioni na kunywa uji mwepesi tu, hulala na dawa inayoendelea kufanya kazi usiku kucha huku chakula kikiwa kimeshakwisha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeeleza kuwa glibenklamaidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60, na likaiweka gliklazaidi kama dawa ya kundi hilo. Dawa hii bado inatolewa mahali pengi kwa kuwa ni ya bei nafuu na imezoeleka, na daktari aliyeiandika miaka kadhaa iliyopita, mama akiwa na umri mdogo zaidi na hamu nzuri ya chakula, huenda hakukosea hata kidogo. Kilichobadilika ni mwili wa mama, na cheti kimeendelea kunakiliwa kutoka kliniki moja hadi nyingine.

Kwa hiyo vile vidonge vya glibenklamaidi vilivyobaki nyumbani usimpe. Mfamasia aliyemwona ameshavizuia, na zuio hilo liheshimiwe mpaka daktari amwone mama, nawe uhakikishe anaonwa kesho asubuhi, si tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Metfomini aendelee nayo baada ya chakula kama alivyoelekezwa, kwa kuwa yenyewe ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Tafuteni mashine ya kupimia sukari na vipimo vyake, hata kwa kuazima kwa siku za mwanzo. Ikisoma chini ya 4 (milimoli kwa lita), au mkikosa mashine na dalili zikatokea, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, mpime tena baada ya dakika 15, urudie ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula chenyewe. Mama akiwa amepoteza fahamu au hawezi kumeza, usimtie kitu kinywani; mkimbize hospitali. Tena, kwa mtu aliyemeza glibenklamaidi, kuzinduka kwa kikombe cha chai si mwisho wa jambo, kwa kuwa sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Anapaswa kupelekwa hospitali kuangaliwa hata kama amekaa kitako anazungumza vizuri.

Sasa nije kwenye mamlaka ya mfamasia, ambayo ndiyo iliyoleta mtafaruku ndani ya nyumba yenu.

Mfamasia amesoma chuo kikuu kwa miaka minne, akafanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka mmoja, na anasajiliwa na Baraza la Famasi, ambalo liko chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Hapa kwetu habadilishi cheti cha daktari kwa uamuzi wake peke yake, wala yule kijana hakufanya hivyo: hakuandika dawa mpya, hakupunguza miligramu, hakuwaambia daktari hajui kazi. Alisimamisha utoaji, akaandika barua, akataka mrudi. Ndivyo kazi yake inavyomtaka afanye anapoona dawa mbili zilizo sawa zikielekea kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu dawa ikishatoka dirishani na kumwumiza mgonjwa, naye ataulizwa aliona nini na alifanya nini. Ukimkuta mfamasia anayepokea cheti na kukabidhi mfuko bila kuuliza neno, hasa kwa mgonjwa wa miaka 68 mwenye dawa saba, ndipo uwe na wasiwasi.

Kaka yako anapomwita muuza dawa, nadhani ana picha ya duka la mtaani, na katika hilo simlaumu sana, kwa kuwa watu wengi wa jiji hili hawajapata nafasi ya kukaa na mfamasia kwa zaidi ya dakika mbili. Katika maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ili dawa za lazima ziwafikie watu walio mbali na famasi, anayekuhudumia ni mtoa dawa aliyepewa mafunzo mafupi, na orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza ina mipaka. Famasi kamili inapaswa kuwa na mfamasia msimamizi, ingawa mara nyingi unayemkuta kaunta si yeye, na una haki ya kuuliza yupo au atakuja saa ngapi.

Ikiwa kaka ni mtu wa ushahidi, mweleze jambo lililofanyika Los Angeles, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wanaume weusi 319 wenye presha iliyoshindikana kudhibitiwa walifuatiliwa katika maduka 52 ya vinyozi. Katika kundi moja, wafamasia walikwenda kinyozini, wakawapima, na kwa makubaliano na madaktari wao wakawaandikia dawa na kuzirekebisha. Katika kundi la pili, vinyozi waliwahimiza wateja wabadili mwenendo wa maisha na kwenda kwa daktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa pointi 27 katika kundi la kwanza na takriban pointi 9 katika kundi la pili. Wafamasia wa Tanzania hawana mamlaka ya upana huo, lakini elimu inayowawezesha kuziangalia dawa kwa jicho hilo wanayo, na mama yako ameshaipata bure.

Tuiangalie meza aliyoipanga. Losatani ilikuwepo mara mbili, moja kwa jina lake lenyewe na nyingine imejificha ndani ya jina la kampuni. Hapa nataka niwe mwangalifu, ili usije ukaogopa kupita kiasi: ikiwa kidonge cha mjini nacho kina miligramu 50, jumla ya miligramu 100 kwa siku ni kiwango cha juu kinachokubalika, si sumu. Tatizo ni kwamba hakuna daktari aliyekaa akaamua mama apewe 100. Kila mmoja aliandika 50 akidhani ndiyo yote, na kila mmoja atakapoona presha haijatulia anaweza kuongeza.

Jambo zito zaidi ni figo. Ili figo zichuje damu, lazima damu iingie kwa msukumo wa kutosha. Diklofenaki hubana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio, losatani hulegeza ile inayoitoa, na dawa za kukojoa, ambazo kwa mama ni mbili kwa sababu furosemaidi imekutana na haidroklorothiazaidi, hupunguza maji yaliyomo katika mzunguko wenyewe. Kila moja peke yake inaweza kuvumilika. Zikikutana zote tatu kwa mtu mzima mwenye kisukari, msukumo ndani ya kichujio unaweza kuanguka na figo zikafeli ndani ya siku chache, hasa akipata kuhara au kutapika, au akishinda na kiu katika joto la jiji hili. Isitoshe, diklofenaki hupandisha presha, na losatani huelekea kuongeza potasiamu katika damu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Naona hata kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyochuja, na potasiamu hukukitaja. Kiombe kwa jina, kesho hiyohiyo, kwa sababu ndicho kitakachosema kama metfomini nayo ibaki kwa kiwango kilekile au ipunguzwe.

Mfamasia aliposema diklofenaki iachwe, hakuwa amevuka mpaka, kwa sababu hakuna daktari aliyeiandika. Kwa goti, parasetamoli kwa kiwango sahihi ndiyo pa kuanzia kwa mtu mwenye hali kama yake, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ambayo mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha. Haitamridhisha kama diklofenaki, nakubali, na atalalamika.

Kuhusu miguu, muulizeni daktari wa mjini swali moja: je, uvimbe huu ulianza baada ya amlodipini kufikishwa miligramu 10? Amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, zaidi katika kiwango hicho, na uvimbe wa aina hiyo hausikii sana dawa ya kukojoa kwa kuwa chanzo chake si maji kuzidi mwilini. Ikiwa ndivyo, mama amekuwa akimeza dawa moja ili kutibu maudhi ya dawa nyingine, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Lakini miguu huvimba pia moyo au figo vinapochoka, kwa hiyo msiiache furosemaidi wala amlodipini kwa uamuzi wa nyumbani. Ulizeni tu, na msisitize tarehe: uvimbe ulianza lini na dawa ilibadilishwa lini.

Mlonge nao uwekwe mezani. Sina ugomvi na jirani yenu, na majani hayo ni mboga nzuri kwa anayeyala kama mboga. Yakikaushwa, yakasagwa na kuliwa kama dawa, yanaweza kushusha sukari, na hakuna anayeweza kupima kijiko cha unga wa jirani kina nguvu gani kinapokutana na glibenklamaidi juu ya uji mwepesi. Wagonjwa wengi huwaficha wahudumu habari za dawa za asili kwa kuogopa kukaripiwa, na hapo wahenga walishasema kwamba mficha uchi hazai.

Nikija kwenye hospitali mbili, ushauri wangu ni kwamba msijaribu kuzikutanisha kwa mdomo. Chukua daftari moja gumu, liwe la mama, na kila dawa iandikwe kwa jina lake halisi badala ya jina la kampuni pekee, pamoja na miligramu, saa ya kumeza, inatibu nini, nani aliiandika na lini. Mfamasia akusaidie kuliandika mara ya kwanza. Asipokuwa na nafasi asubuhi, ambapo foleni huwa ndefu, mwulize ni saa ngapi dirisha linatulia. Siku hiyo nenda na kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, yakiwemo maboksi ya zamani, vidonge vilivyobaki, dawa za kikohozi, unga wa mlonge, na zile bahasha ndogo za dawa zilizoandikwa 1×2 bila jina linalosomeka. Bahasha za namna hiyo usizipokee tena bila kuomba jina na nguvu ya dawa viandikwe. Ni ombi la kawaida, na mtoa dawa mwungwana hatachukia.

Mfamasia akivihesabu vidonge vilivyobaki, usimzuie, na mama asione anapekuliwa. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, takriban nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu ndio wanaofuata matibabu yao ipasavyo, kwa hiyo anayeruka dozi si mkorofi peke yake duniani. Wengine huruka dawa ya kukojoa siku ya safari kwa sababu daladala haisimami kila mtu anapotaka, wengine hugawa kidonge nusu ili kisogee hadi mwisho wa mwezi. Daktari asiyejua hayo huona presha iko juu akaongeza dawa, na siku mgonjwa atakapozimeza zote kwa ukamilifu, akaanguka. Kwa mama yako inawezekana hakuna lolote kati ya haya, lakini swali liulizwe kwa upole, na ikibidi wewe utoke nje kidogo, kwa sababu kuna mambo ambayo mzazi hayasemi mbele ya binti yake.

Daftari likishakuwa tayari, liende hospitali zote mbili. Kwa daktari wa mjini, mama au wewe mseme hivi: “Daktari, tunashukuru kwa huduma. Mama anatibiwa sukari mahali pengine, na dawa zote anazotumia ni hizi hapa. Tunaomba uzipitie, na utuandikie barua ya kwenda kwa mwenzako ili dawa za presha ziandikwe na upande mmoja tu.” Hapo hajashtakiwa mtu yeyote, na daktari mwenye busara atashukuru, kwa kuwa alikuwa akitibu nusu ya mgonjwa. Upande upi ubaki na presha ni suala la bima, umbali na uzoefu wa daktari. Mimi ningependelea kliniki ya karibu ishike magonjwa yote mawili, na hospitali ya mjini ibaki kwa uchunguzi wa moyo kila inapohitajika, lakini ninyi ndio mnaojua foleni na nauli. Dawa zote zichukuliwe famasi moja kadiri inavyowezekana, ili awepo mtu mmoja anayeona orodha nzima.

Mpango wa Kariakoo, kwa hiyo, haufai, na si kwa sababu maduka ya Kariakoo ni mabaya, kwani zipo famasi halali kule. Haufai kwa sababu kununua kwa vyeti vya zamani kutamrudishia mama mkoba uleule ambao mfamasia ameukataa, na duka jipya halitajua historia yake. Wala usimwambie kaka kwamba amekosea. Mkubwa anayelipa gharama akiambiwa hivyo na mdogo wake, mazungumzo yatakuwa juu ya heshima na dawa zitasahaulika. Mwombe ampeleke mama yeye mwenyewe hiyo kesho, akae kwenye benchi, amsikie mfamasia kwa masikio yake na kumwuliza anachotaka. Mweleze pia kwamba losatani ikibaki moja, na furosemaidi na diklofenaki zikionekana hazihitajiki, kuna fedha zitakazobaki mfukoni mwake. Mama naye ahakikishiwe kwamba barua ile haikumshtaki daktari. Madaktari na wafamasia huandikiana hivyo, na aliyeombwa ajibu ndiye anayesubiri mrudi.

Daktari akiwa hayupo tena, msiondoke. Mwombeni mfamasia ampigie simu akiwa hapohapo nanyi, au awaelekeze kwa daktari wa zamu, kwa sababu mama hawezi kukaa muda mrefu na metfomini peke yake bila mtu kujua sukari yake iko wapi. Ikianza kusoma juu sana, huku akikojoa mara kwa mara na kiu haimwishi, hilo nalo ni la kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Sunna za Jumatatu na Alhamisi azisimamishe kwa sasa, mpaka dawa zipangwe upya na alfajiri kadhaa zipite bila jasho wala namba ya chini. Nadhani atakubali vizuri zaidi akisikia kutoka kwa imamu wake kuliko kutoka kwako, hasa ukizingatia kwamba mgonjwa amepewa ruhusa hata katika Ramadhani, ambayo ni faradhi. Ramadhani yenyewe ikikaribia, amwone daktari na mfamasia mapema, angalau mwezi mmoja kabla, ili ijulikane kama anaweza kufunga, na kama anaweza, dozi za futari na daku zipangwe. Siku atakayofunga lazima ajipime, hasa alasiri, na wanazuoni wengi wanakubali kuwa kujitoboa kidole hakubatilishi funga. Sukari ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungulie palepale hata kama magharibi imebakiza dakika chache.